Wito wa Daftari Moja

Nina ombi dogo. Nunua daftari. La kawaida tu, lile la mistari ambalo watoto hupeleka shuleni, uliweke mahali ambapo kila aliyemo nyumbani ataliona. Kazi yake nitaieleza, ila kwanza twende Frankfurt, Ujerumani, Desemba ya mwaka 1844, maana kisa cha huko ndicho kilichonitia hamu ya kukuandikia.

Daktari Heinrich Hoffmann alitoka kumtafutia mwanawe wa miaka 3 zawadi ya Krismasi. Alitaka kitabu. Akaingia duka hili na lile, akafunua kurasa, akakuta hadithi ndefu zilizojaa makaripio na picha kavu za vitu vya nyumbani. Hakununua hata kimoja. Alirudi na daftari tupu, akaketi akatunga mashairi na kuyachorea picha kwa mkono wake. Kuchora alikuzoea kazini. Mtoto mgonjwa akianza kulia kwa kumwogopa daktari, Hoffmann alitoa penseli akamchorea kisa palepale, mpaka mtoto akanyamaza na kukubali kupimwa.

Daftari lile lilikuwa la mtoto mmoja. Marafiki walioliona wakamsihi alichapishe, na mwaka 1845 likawa kitabu ambacho leo dunia inakijua kwa jina la Der Struwwelpeter. Baadhi ya visa vyake vinatisha mno, nami nisingemsomea mjukuu wangu kile cha mtoto anyonyaye vidole mpaka fundi cherehani anakuja kuvikata kwa mkasi. Ninachokienzi ni ile safari ya kurudi nyumbani. Baba amekosa dukani anachokitaka, na badala ya kulalamika ananunua kurasa tupu.

Nilidhani kisa hicho ni cha peke yake. Kumbe kila nilipochimba chini ya kitabu cha watoto kinachopendwa, nilimkuta mtu mzima mmoja amekaa karibu na mtoto mmoja.

Septemba 1893, Beatrix Potter, Mwingereza aliyependa kuchora wanyama, alisikia kwamba Noel, mtoto wa miaka 5 wa mama aliyewahi kuwa mwalimu wake Potter wa nyumbani, anaumwa. Hakuwa na habari yoyote ya kumwandikia, basi akamwandikia kisa cha sungura wadogo wanne, na picha zao ndani ya barua. Miaka ikapita. Potter alipotaka kukigeuza kisa kile kuwa kitabu, ilimbidi amwombe Noel amwazime barua yake, na Noel alikuwa bado ameitunza. Wachapishaji waliukataa mswada. Yeye alishikilia kwamba kitabu kiwe kidogo, kienee mkononi mwa mtoto, na bei yake iwe ndogo vilevile. Desemba 1901 akalipia mwenyewe nakala 250, akazigawa na kuziuza. Mwaka uliofuata mmoja wa wale waliokataa, Frederick Warne, alikitoa. Hicho ndicho kitabu cha Peter Rabbit.

Huko Stockholm, mwaka 1941, binti mdogo aitwaye Karin alilazwa kitandani na homa ya mapafu, akamwambia mama yake amsimulie habari za Pippi Långstrump. Jina alilibuni Karin mwenyewe papo hapo. Mama, Astrid Lindgren, hakuuliza huyo ni nani. Alianza kusimulia, na kwa kuwa jina lilikuwa la ajabu, akamfanya msichana naye awe wa ajabu. Miaka 3 baadaye Lindgren aliteleza barabarani akateguka kifundo cha mguu, na katika siku zile za kulala tu akaviandika visa vile ili ampe Karin zawadi ya kutimiza miaka 10. Mchapishaji wa kwanza alikataa. Wa pili akakitoa kitabu mwaka 1945.

Na Alice, yule wa nchi ya ajabu? Tarehe 4 Julai 1862, mwalimu wa hesabu wa Oxford aliyejiita Lewis Carroll alikuwa ndani ya mashua pamoja na watoto watatu wa kike wa familia moja, akiwasimulia kisa huku makasia yakienda. Mmoja wao, aliyeitwa Alice na aliyekuwa na miaka 10, alimwomba amwandikie. Ilimchukua zaidi ya miaka 2 kumaliza, akalikabidhi daftari lenye hati ya mkono wake na picha alizochora mwenyewe. Kitabu cha dukani kilifuata mwaka 1865. Sisi tulikipata kwa Kiswahili mwaka 1940, msichana akiitwa Elisi, kisha mwaka 2015 Ida Hadjivayanis, msomi kutoka Zanzibar, akakitafsiri upya, safari hii akamwita Alisi.

Ukisoma hayo unaweza kusema ni mambo ya Ulaya. La. Nasi tunayo ya kwetu. Mwaka 1858, miaka 35 kabla ya barua ya Potter, mama mmoja wa upande wa Pate na Lamu aliyekuwa mgonjwa alimwita binti yake asogee, aje na wino na karatasi, ampe maneno ya kumfaa. Mama huyo ni Mwana Kupona binti Mshamu, na binti ni Mwana Hashima. Kilichotoka hapo ni utendi wa beti zipatazo 100 ambao bado unasomwa. Yamo ndani yake mambo ambayo mabinti wa leo watayabishia, na wana haki ya kuyabishia. Lakini tazama ulivyozaliwa. Hakuwa akiuandikia umma. Alimwandikia mwanawe kwa kuwa alihisi siku zake zinakwisha, na umma ukaja baadaye kuomba nakala.

Kwa hiyo tukisema watoto wetu hawana vitabu vya hadithi, tusianze kwa kuangalia mlango wa mchapishaji. Biashara ya vitabu vya watoto yenyewe ni changa kuliko tunavyofikiri. Huko London mwaka 1744, John Newbery, mmoja wa watu wa kwanza kuifanya biashara hiyo kwa bidii, aliuza kitabu chake kidogo cha mfukoni pamoja na mpira kwa mvulana, au kimto cha kuchomekea pini kwa msichana. Upande mmoja wa mpira au wa kimto ulikuwa mwekundu na wa pili mweusi. Mtoto akitenda jema, pini inachomekwa kwenye wekundu. Akikosea, kwenye weusi. Newbery alijua mtoto huvutwa na mchezo. Leo tuzo kubwa ya vitabu vya watoto nchini Marekani, iliyoanza mwaka 1922, ina jina lake.

Kwetu, kitabu cha Kiswahili kilichochapwa kilifungwa kwenye dawati la shule tangu mapema. Kamati ya kusanifisha Kiswahili iliyoanza kazi mwaka 1930 ilishughulika sana na vitabu vya shule. Mwaka 1948 ikaja East African Literature Bureau, ikafungua njia kwa waandishi wengi. Mwaka 1991 Tanzania ikapata Mradi wa Vitabu vya Watoto, ambao ulisaidia waandishi na wachoraji, ukanunua nakala na kuzipeleka shuleni. Nawashukuru wote hao kwa dhati. Lakini mchapishaji ana hesabu zake. Kitabu cha kiada kina mnunuzi, na hadithi ya bibi yako wa Bububu au wa Ujiji haina. Ukiisubiri hesabu hiyo ikubali, bibi atakuwa ameondoka.

Hapo ndipo ninapokuomba lile daftari, uandike humo visa vya wazee wako.

Ngoja nikuonyeshe kile kinachopotea, kwa kukuonyesha kwanza kilichookolewa. Mwaka 1864 wamisionari wa Kianglikana walifika Unguja, Edward Steere akiwa miongoni mwao. Wanafunzi wao wa mwanzo walikuwa wavulana waliotolewa kwenye jahazi la watumwa. Steere alitaka kujua Kiswahili kama kinavyosemwa, akawa anawaketisha watu na kuwaomba wamsimulie. Mwaka 1870 akatoa London kitabu kiitwacho Swahili Tales, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaoelekeana nao. Kama si watu wale wa Unguja kukubali kusimulia, na mtu mmoja kuwa na kalamu, visa vile vingebaki vikielea hewani.

Mojawapo ni kile cha kima na papa. Bila shaka unakijua, hata kama kwenu papa ni mamba au kima ni nyani. Kima anaishi juu ya mkuyu ulioinamia bahari, anamtupia papa matunda, wanakuwa marafiki. Siku moja papa anamkaribisha kwao, anambeba mgongoni, na wakiwa katikati ya maji anamwambia ukweli: sultani wao anaumwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamwambia, laiti ungenieleza mapema! Sisi tukitoka huacha mioyo yetu mtini. Papa anageuza. Kima anarukia tawi, na hashuki tena. Papa anapoendelea kumwita, kima anamjibu kwa kisa kingine, cha punda wa dobi, aliyekwenda kwa simba mara ya kwanza akaponea chupuchupu, akarudi mara ya pili akaliwa. Sungura, aliyeachiwa nyama, akala moyo na masikio. Simba alipouliza viko wapi, sungura akasema punda huyu hakuwa navyo, angekuwa navyo asingerudi.

Sasa sikia jambo lililonifanya niweke kikombe cha chai chini. Visa hivyo viwili, kimoja kikiwa ndani ya kingine namna hiyohiyo, vimo ndani ya Panchatantra, kitabu cha Kihindi chenye umri wa karne nyingi sana. Huko anayembeba kima ni mamba. Katika karne ya 6 daktari wa mfalme wa Uajemi, Burzoy, alikipeleka kitabu hicho kwao na kukitafsiri. Katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akakitia katika Kiarabu kwa jina la Kalila wa Dimna, na humo anayembeba kima ni kobe. Kisa kilipofika katika mwambao wetu, mnyama wa majini amekuwa papa, kwa sababu wasimuliaji wetu ni watu wa bahari na wanajua hatari ya maji ina meno gani. Mtoto wa Unguja aliyesikiliza kisa kile usiku alikuwa amerithi kitu kilichovuka Uhindi, Uajemi na Arabuni, na hakuna aliyemwambia. Zaidi ya hayo, Panchatantra yenyewe inajieleza kuwa ilitungwa kwa ajili ya wana watatu wa mfalme waliokataa kusoma. Mzee aitwaye Vishnu Sharma aliahidi kuwafundisha kwa miezi 6, na akatumia hadithi za wanyama. Wavulana watatu wakaidi ndio chanzo cha yote hayo.

Hadithi zetu nazo zilisafiri kutoka hapa. Sungura mjanja wa Afrika alivuka Atlantiki ndani ya vifua vya watu waliotekwa na kuuzwa. Hawakuruhusiwa kubeba chochote, lakini kisa hakionekani kwenye ukaguzi wa mzigo. Mwaka 1880 mwandishi wa magazeti wa Georgia, Joel Chandler Harris, alivichapisha visa vya Brer Rabbit alivyovisikia kwa Waafrika waliokuwa watumwa, na watoto wa Kimarekani wakakua wakimpenda mnyama ambaye babu zetu walikuwa wanamwamkia. Waakani wa Ghana walimpeleka Anansi, buibui wao, hadi Jamaika kwa njia hiyohiyo ya machozi. Na Abunuwasi, ambaye wengi wetu tulimjua kama mjanja wa kuchekesha anayewashinda matajiri na masultani? Alikuwa mshairi wa kweli wa Baghdad, zama za Harun al-Rashid, mtu wa kasri na wa mashairi ya mvinyo, aliyefariki yapata mwaka 814. Masikini wa mwambao walimchukua wakamfanya mwenzao. Hata mbweha wa Esopo aliyeshindwa kuzifikia zabibu akaziita mbichi, kwetu amekuwa sungura, na kizazi kizima cha Tanzania kilimkariri darasani kwa shairi.

Haya yote tunayajua kwa kuwa mtu fulani aliandika. Yasiyoandikwa ni mengi kupita kiasi.

Mimi nimepoteza moja. Bibi yangu aliyekuwa akiishi Pangani alikuwa na hadithi ya msichana aliyesahau simbi lake pwani, akarudi peke yake kulichukua jua likizama, akakutwa na zimwi. Zimwi likamtia ndani ya ngoma, likawa linazunguka nayo kijiji kwa kijiji: likipiga, msichana anaimba, watu wanaitupia vyakula. Siku moja ngoma ikapigwa nje ya nyumba ya wazazi wake. Mama akaitambua sauti. Ule wimbo ninao, ninaweza kuuimba sasa hivi kwa sauti yake bibi, hata pale alipokuwa akikohoa. Lakini kilichofuata sikijui. Walimtoaje? Waliweka nini ndani ya ngoma badala yake, ili zimwi lisigundue uzito umepungua? Kila usiku nililala kabla ya hapo. Nilikuwa na miaka 7 na niliamini bibi atakuwapo kesho, na siku zote alikuwapo, mpaka siku hakuwapo. Mama yangu anakumbuka kidogo kuliko mimi. Shangazi anasema yeye ile haikuwa hadithi yake, yake ilikuwa ya nyoka.

Ndiyo maana siandiki haya kwa utulivu.

Watu huniambia, mimi si mwandishi, nitaharibu. Ndugu yangu, wasiwasi huo uondoe. Ndugu wawili Grimm wa Ujerumani, ambao kila mtu anawataja, toleo lao la kwanza la mwaka 1812 lilikuwa kitabu cha wasomi, limejaa maelezo ya kitaaluma na halina picha. Watoto walilipenda kwa wingi baadaye, hasa lilipotoka toleo dogo la visa 50 mwaka 1825. Walibadilisha pia mambo. Katika toleo la kwanza, anayetaka kumuua Snow White ni mama yake mzazi; mwaka 1819 ndipo akageuzwa kuwa mama wa kambo. Wangekuwa hawakuandika kwanza kama walivyosikia, leo tusingejua hata kwamba kuna kilichobadilishwa.

Na katika habari zao ninayempenda zaidi ni mama mmoja, Dorothea Viehmann, mke wa fundi cherehani, aliyekuwa akija mjini Kassel kuuza mboga za shambani kwake. Aliwasimulia visa vingi. Wao wenyewe walieleza namna alivyofanya: alisimulia mara ya kwanza kwa mwendo wake, kama kawaida, kisha, akiombwa, alirudia polepole ili mkono wa mwandishi umfuate, na akijisikia amekosea mahali alijisahihisha hapohapo. Fanya hivyohivyo. Mara ya kwanza usishike kalamu. Sikiliza, cheka, ogopa, itikia. Mara ya pili ndipo umwombe aende taratibu.

Andika kwa Kiswahili chake. Akisema Kimvita, andika Kimvita; akisema Kipemba, au Kiswahili cha Bukavu au cha Lubumbashi, au akichanganya na Kisambaa pale mnyama anapolia, usimnyooshe. Mwalimu wa sarufi ana darasa lake, na daftari hili halimo humo. Nyimbo usiziruke hata kama maana yake haijulikani. Katika ngano zetu nyingi wimbo ndio nguzo, na mara nyingi maneno yake ni ya zamani kuliko kisa chenyewe. Andika na mwanzo wake. Kuna nyumba zinazoanza kwa paukwa na kuitikiwa pakawa, kuna zinazoita hadithi njoo, na kuna mzee atakayekupa mwanzo ambao hujapata kuusikia. Juu ya ukurasa wa kwanza weka jina la msimuliaji, mahali alipoisikia yeye, na kutoka kwa nani. Visa vingapi vimechapishwa vikisema tu vimesimuliwa na wenyeji! Wenyeji hao walikuwa na majina.

Ukurasa wa kushoto mwachie mtoto. Achore. Mtoto akichora zimwi lake, hadithi imekuwa yake, na wewe utaona kwa macho jinsi alivyoielewa. Usidharau mchango wake. Jina la Pippi lilitoka kwa mtoto mgonjwa, na Pinokio tunaye kwa sababu ya watoto. Carlo Collodi alianza kumtoa katika gazeti la watoto la Italia mwaka 1881, na kisa kikaishia kwa mwanasesere yule kunyongwa kwenye mti. Wasomaji wadogo walilalamika, gazeti likamrudia mwandishi, Pinokio akafufuliwa, na kitabu kizima kikatoka mwaka 1883.

Mliopo Muscat, Toronto, London, mna bibi na nyanya Mombasa na Unguja ambao mnawapigia simu kuuliza hali. Badala ya kuuliza hali tu, ulizeni kisa. Akituma ujumbe wa sauti, uhifadhi, lakini uandike pia, kwa maana simu huibiwa na kuharibika. Mwanao aliyezaliwa huko aandike pamoja nawe, hata akikosea herufi. Kiswahili kimewahi kuwavutia watoto wa mbali: mwaka 1971 Muriel Feelings, Mmarekani mweusi aliyekuwa amefundisha sanaa Uganda, aliandika kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili, Moja Means One, na picha za Tom Feelings zikakipatia heshima ya Caldecott mwaka uliofuata. Watoto wa Marekani wakahesabu mpaka kumi kwa lugha yetu.

Walimu, hili ni jambo la likizo. Kila mwanafunzi arudi na kisa kimoja kilichosimuliwa na mtu aliyemzidi umri mara nne au zaidi, na shule ya watoto 300 itafungua muhula ikiwa na maktaba ambayo haipo mahali pengine popote duniani. Toeni kopi, mfunge kwa uzi, mpeleke moja kwenye maktaba ya mkoa au ya kaunti. Wenye intaneti wanaweza pia kwenda African Storybook, mpango ulioanzishwa mwaka 2014 na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, ambako hadithi za watoto huwekwa kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, na yeyote anaruhusiwa kuzisoma, kuzitafsiri na kuzichapa.

Najua wengine watasema kuna mambo ya haraka zaidi, kuna bei ya unga, kuna ada. Nami nimo katika hayo. Lakini hebu mfikirie Jella Lepman. Alikuwa Myahudi wa Ujerumani aliyekimbilia Uingereza mwaka 1936 kumkwepa Hitler. Vita vilipokwisha mwaka 1945 alirudi, akaulizwa watoto wa nchi ile iliyobomoka wanahitaji nini. Miji ilikuwa kifusi, chakula cha mgawo. Akasema, pamoja na mkate, wapewe vitabu. Hakuwa na fedha, basi akaziandikia nchi 20, nyingi zikiwa ni zile zilizopigana na Ujerumani jana yake, aziombe vitabu vya watoto. Mwaka 1946 alifungua maonyesho mjini Munich, na watu wakapanga foleni. Krismasi ya mwaka huohuo alitafsiri kisa cha Ferdinand, yule fahali asiyependa kupigana, akakichapisha kwenye karatasi ya magazeti, nakala 30,000, na watoto wa Berlin wakapewa bure. Mwaka 1949 likazaliwa jumba la maktaba ya kimataifa ya watoto la Munich, na mwaka 1953 chama cha kimataifa cha vitabu vya watoto, IBBY.

Chama hicho ndicho kilichoweka Siku ya Kimataifa ya Vitabu vya Watoto, tangu mwaka 1967, kila tarehe 2 Aprili. Wakaichagua kwa kuwa ndiyo siku aliyozaliwa Hans Christian Andersen, mwana wa fundi viatu na mama aliyekuwa dobi, huko Odense, Denmark. Bibi yake Andersen alitunza bustani ya hospitali ya wagonjwa wa akili na masikini. Mtoto alikuwa akimfuata, anaingia chumba ambacho wanawake wazee walikuwa wakisokota nyuzi, anakaa anawasikiliza. Baadhi ya aliyoyaandika alipokuwa mtu mzima aliyachukua humo.

Basi tujiwekee tarehe hiyo. Ifikapo 2 Aprili ijayo, daftari lako liwe na walau kisa kimoja kilichokamilika, kimesomwa kwa sauti mbele ya aliyekisimulia, naye amekubali kwamba ndicho.

Langu lipo mezani. Nimeandika kisa cha msichana wa simbi mpaka pale mama anapoitambua sauti ndani ya ngoma, kisha nikaacha kurasa mbili wazi. Najua yapo masimulizi yaliyochapwa ambamo waliweka nyuki, na mengine nyoka, lakini sitaki kuazima kwa watu wa kwingine kabla sijawauliza wa kwetu. Kama una mzee wa Pangani, au wa Tanga yote mpaka Vanga, muulize waliweka nini ndani ya ngoma, na zimwi lilifanya nini lilipopiga na wimbo usitoke. Akikujibu, niandikie, pamoja na jina lake.